Maji ya Ghorofa ya Tatu

Kwa miaka mitano na nusu niliyosoma Toronto, kazi yangu ilikuwa moja tu: kuifanya protini igeuke fuwele. Watu wa kanisani wakiniuliza ninasoma nini, nilijibu kwamba ninasoma mambo ya ubongo, nao wakaitikia kwa heshima, wakidhani nitakuwa daktari wa vichwa. Sikuwahi kugusa ubongo wa mtu. Niligusa maji, chumvi, na vijipande vya kioo vya mviringo vidogo kama kifungo cha koti, na sehemu kubwa ya wakati huo nilikuwa nimechoka.

Protini yetu hukaa kwenye utando wa seli ya neva. Seli mbili za neva zinapokutana ili moja ipeleke habari kwa nyingine, hazigusani. Hubaki mwanya mwembamba kati yao, na mahali hapo huitwa sinapsi. Lakini mwanya huo haukuachwa wazi hivi hivi. Kuna protini zinazochomoza upande huu na kushikana na protini za upande wa pili, na ndizo zinazofanya seli hizo mbili zikae zikitazamana bila kupoteana. Profesa wangu alitaka kujua mojawapo ya protini hizo ina umbo gani, chembe kwa chembe, kwa sababu umbo ndilo lingeeleza inamshika vipi mwenzake. Na sisi hatukuwa na njia nyingine ya kuliona umbo hilo ila fuwele. Unazifanya molekuli zijipange safu kwa safu kama matofali ukutani, unazipiga eksirei, miale inatawanyika na kuacha madoa, kisha unakokotoa kutokana na madoa hayo kila chembe iko wapi. Bila fuwele hakuna madoa. Bila madoa hakuna shahada.

Tulipanga Parkdale, mimi, mume wangu na binti yetu, katika chumba kimoja na sebule, ghorofa ya pili, dirisha likitazama nyaya za tramu. Mume wangu alikuwa afisa misitu kule nyumbani. Toronto alifunga vifuniko vya plastiki kwenye maboksi, zamu ya jioni. Mimi nikirudi saa tisa alasiri, yeye alikuwa tayari amevaa viatu. Tulipeana mtoto mlangoni, na mara nyingine ndiyo yote tuliyopeana siku nzima. Tulikubaliana kwamba maisha hayo ni ya miaka minne. Nikishapata shahada tunarudi, yeye anarudi kwenye miti yake, mimi nafundisha chuo kikuu. Tuliwekeana miaka minne kama mtu anavyojiwekea kubana pumzi ndani ya maji.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Protini niliitengeneza ndani ya bakteria, nikaisafisha katika chumba cha baridi ambamo nilivaa koti hata mwezi wa Julai. Kuisafisha kulichukua siku nne. Kisha nilichukua tone dogo la protini, nikalichanganya na tone la maji ya chumvi juu ya kijipande cha kioo, nikakigeuza kichwa chini na kukifunika juu ya kishimo kilichopakwa grisi kwenye mdomo, ili tone lining'inie na kukauka polepole. Sahani moja ilikuwa na vishimo ishirini na vinne. Halafu unasubiri. Baada ya juma unaweka sahani chini ya hadubini na kutazama tone baada ya tone. Mengi huwa matupu. Mengine huwa na uchafu wa rangi ya kahawia, kama maziwa yaliyokatika. Huo ndio ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wote, na nusu ya wa pili.

Mwezi wa Machi mwaka 1995, Jumatatu asubuhi, niliweka sahani chini ya hadubini na kuona fuwele. Zilikuwa katika vishimo sita, vipande virefu vyembamba vyenye kingo kali, vinavyong'aa. Nilikaa nikizitazama mpaka jicho likatoa machozi. Profesa alikuja, akainama, akatazama muda mrefu, kisha akanipa mkono. Tulizipiga eksirei wiki ile ile. Hazikuwa chumvi, zilikuwa protini kweli, na madoa yake yalikuwa mazuri. Lakini zilikuwa ndogo, na chache, na zilikufa chini ya miale kabla hatujapata tunachotaka. Haidhuru, profesa alisema, sasa unajua njia, tengeneza nyingine.

Sikuweza kutengeneza nyingine.

Nilirudia kila kitu kama nilivyokiandika daftarini. Chumvi ile ile, kutoka chupa ile ile. Joto lile lile. Matone matupu. Nilirudia mara ya pili nikidhani nimekosea kupima, mara ya tatu nikidhani protini imechakaa. Nilibadilisha bakteria. Nilibadilisha grisi. Nilihamisha sahani kutoka kabati moja kwenda jingine, kwa sababu mwanafunzi mmoja alidai mtetemo wa lifti unazuia fuwele. Miezi ikapita hivyo, ukaisha mwaka. Profesa alikuwa mtu mpole, mwenye kusahau chai yake ikapoa kila siku, lakini mwaka uliofuata alianza kuniuliza, kwa upole ule ule, kama nisingependa kuandika shahada ya uzamili tu, nikaondoka na kitu mkononi. Nilimwambia anipe muda. Kila nilipotoka ofisini mwake niliona aibu, kama mtu aliyedanganya kwamba aliona kitu ambacho hakukiona.

Katika miaka hiyo, mahali pekee katika jengo lile ambapo nilipata joto palikuwa chini, kwenye chumba cha kuoshea vyombo. Siku moja nilishuka kulalamika kuhusu chupa iliyorudi na ufa, nikamkuta mtu mzima, mwenye mvi kando ya masikio, akihesabu chupa kwenye toroli kwa Kiswahili: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Nilisahau ufa. Nilimwamkia shikamoo, naye akageuka kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

Alitoka Bukavu, Zaire kama ilivyoitwa wakati ule. Kule alifundisha kemia shule ya sekondari miaka kumi na tisa, kwa hiyo mimi nilimwita Mwalimu, naye aliniita dada ingawa ningeweza kuwa binti yake. Toronto aliosha vyombo vya maabara za ghorofa nne, akavichoma kwa mvuke, na kujaza madumu ya maji. Maji hayo hayakuwa ya bomba. Kulikuwa na mtambo kwenye kona uliochemsha maji na kukusanya mvuke wake, ili yabaki maji matupu yasiyo na madini wala kitu kingine. Kila asubuhi Mwalimu aliyapandisha kwa toroli, dumu moja kila maabara. Sisi wa ghorofa ya tatu tulifungua koki na kutumia, bila kuwaza yalikotoka.

Nikawa ninashuka kula naye chakula cha mchana. Yeye alileta sombe, ambayo kwetu ni kisamvu, mimi nilileta wali, tukagawana. Alizungumza Kiswahili cha kwao, chenye Kifaransa ndani yake, nami nilikizoea. Alitaka kujua kila kitu kuhusu protini yangu. Nilimchorea jinsi tunavyodhani inavyokaa, na yeye aliuliza maswali ambayo hata kamati yangu haikuuliza. Nilimweleza pia msiba wangu: kwamba fuwele zilikuja mara moja tu, na kwamba protini na maji ya chumvi ya sahani ile nilivitengeneza wiki ya pili ya Machi. Alikaa na kijiko mkononi. Aliniuliza ni siku zipi hasa, nikamtajia. Kisha akarudi kwenye sombe yake.

Naye alinieleza wa kwake. Mke wake na mabinti wawili walibaki Bukavu. Alikuwa ameiomba serikali iwaruhusu wamfuate, na maombi yalitaka fomu nyingi na barua za kuthibitisha kwamba ana kazi na bado anayo. Kiingereza cha fomu kilimsumbua, kwa hiyo nilimjazia mimi, pale pale juu ya meza ya bati, nikisogeza bakuli pembeni. Kila miezi michache ilikuja barua nyingine ikitaka uthibitisho upya. Niliandika: mwombaji bado ameajiriwa. Niliandika sentensi hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Vuli ya mwaka 1996 vita ikaingia Bukavu. Simu zikakatika. Kwa zaidi ya miezi miwili Mwalimu hakujua kama watu wake ni wazima. Aliendelea kuja kazini. Aliosha chupa moja mara mbili, mara tatu, akaziweka safi kati ya chafu na kuanza upya. Nilishuka nikakaa naye hata siku ambazo sikuwa na njaa, na hatukuzungumza sana. Mimi nilikuwa na sahani zangu tupu juu, yeye alikuwa na simu isiyolia, na nadhani kila mmoja aliona haya kulalamika mbele ya mwenzake. Kisha karibu na Krismasi akapata habari kupitia padri mmoja: walivuka ziwa, wako Kigoma, wote watatu.

Walifika Toronto mwezi wa Julai uliofuata. Mume wangu aliomba ruhusa kazini, tukaenda uwanja wa ndege pamoja na Mwalimu kusaidia mizigo, ingawa mizigo yenyewe ilikuwa mabegi mawili. Mke wake alikuwa mwanamke mrefu, mkimya. Alimshika mumewe usoni kwa mikono yote miwili, kama anayekagua. Mabinti walisimama nyuma, wakubwa kuliko picha aliyokuwa akinionyesha. Alikuwa amepanga nyumba Weston, chumba kimoja karibu na mto, na huko tuliwafikisha. Njiani kurudi mume wangu alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake muda mrefu. Alisema angalau kuna mtu mmoja ambaye mambo yake yametimia.

Wiki tatu baadaye, saa ya chakula, nilishuka kama kawaida. Mwalimu hakuwa amefungua bakuli lake. Alizima mashine ya kuoshea, chumba kikawa kimya namna ambayo sikuizoea.

"Dada, keti," alisema.

Nilimwambia nimekaa kutwa, kwamba mgongo unauma, heri nisimame.

"Keti kwanza."

Nikaketi. Alijifuta mikono kwa taulo, muda mrefu, ingawa ilikuwa mikavu.

"Ile wiki yako ya mwezi wa tatu," alisema, "ile ulitengenezaka vitu vya fuwele. Ile mayi haikukuwa ya mashini. Ilikuwa mayi ya robine."

Robine kwao ni bomba. Nilielewa maneno, lakini maana ilichelewa. Akaendelea kwa sauti ile ile ya chini, akitazama meza. Jumatatu ya wiki hiyo mtambo ulikufa. Msimamizi wake alikuwa likizo, na mtu aliyekuwa na kazi ile kabla yake alifukuzwa kwa kuacha ghorofa bila maji. Alihofia wataona yeye ndiye aliyeuharibu. Basi akajaza madumu yote kwa maji ya bomba, siku tatu, na jioni alibaki akiufungua mtambo mwenyewe. Chuma cha kuchemshia kilikuwa kimefunikwa na ukoko mweupe wa chokaa. Aliuloweka kwa siki aliyonunua dukani, akaukwangua, mtambo ukawaka. Hakuna aliyejua kwamba uliwahi kulala.

"Ulijua lini?" nilimuuliza.

"Kujua nini?"

"Kwamba maji ndiyo sababu."

"Sikujua. Nilifikiri." Alikunja taulo. "Nilifikiri tangu ile siku uliniambia tarehe."

"Mwalimu, ni miaka miwili na miezi mitano."

"Ninajua. Nilihesabu."

Niliwaza matone yote yale. Niliwaza mume wangu na vifuniko vyake. Nikakumbuka kwamba katika miezi hiyo yote nilikuwa nikikaa kwenye kiti kile kile, nikimjazia fomu kwa mkono wangu.

"Wangenifukuza," alisema. "Na bila kazi, ile dossier ya kuwaleta ingekufa. Ningelisema mbele ya wao kufika, watoto wangu wangekuwa wapi leo?"

Hakuuliza kwa kujitetea. Aliuliza kama mtu ambaye kweli amelitafuta jibu.

"Basi kwa nini unaniambia sasa?"

"Sababu wamefika. Sasa unaweza kwenda kwa profesa. Hata leo, ukitaka. Sitakulaumu."

Nilipanda ngazi bila kula. Sikumuaga.

Jambo la kwanza nililofanya juu lilikuwa kusimama mbele ya sinki na kufungua bomba. Maji ya Toronto hutoka ziwani, na yana chokaa. Birika letu pale Parkdale lilikuwa na ukoko mweupe ambao niliusugua kila mwezi bila kuufikiria. Niligawa sahani safu kwa safu. Safu ya kwanza niliweka maji ya bomba. Ya pili, maji ya mtambo niliyoyatia kalsiamu kidogo, madini yale yale ya chokaa na mifupa. Ya tatu magnesi, ya nne floridi ambayo jiji huitia majini kwa ajili ya meno. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri. Ilikuwa hasira, na hasira huwa na mkono thabiti.

Siku sita baadaye, safu ya kwanza na ya pili zilikuwa zimejaa fuwele. Safu nyingine zilikuwa tupu kama zilivyokuwa siku zote. Kwa hiyo ilikuwa kalsiamu. Protini yetu ilihitaji chembe moja ya kalsiamu ndani yake ili itulie, na mimi kwa zaidi ya miaka miwili nilikuwa nikiiogesha kwa maji yasiyo na kitu.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilikaa kwenye kiti cha hadubini nikiwa nimechoka kiasi kwamba sikuweza kuinuka kwenda kumwita profesa, mpaka yeye mwenyewe alipopita.

Aliinama, akatazama kama mara ile ya kwanza. Kisha akaniuliza nimefikaje huko. Nilikuwa na siku sita za kufikiri nitajibu nini na sikuwa nimezitumia. Ningesema neno moja tu na Mwalimu angekuwa nje kabla ya Ijumaa, maana maji yale yalikwenda ghorofa zote nne, na nani ajuaye yaliharibu kazi ya nani mwingine. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba nilikuwa nyumbani nikisugua birika, nikauona ule ukoko mweupe, nikawaza kalsiamu.

Profesa alilipenda sana jibu hilo. Aliwasimulia wenzake. Aliwasimulia wageni. Kila aliponitambulisha kwa mtu alianza na birika, na watu walinitazama kwa macho mapya, kama mtu mwenye akili ya kipekee. Hivyo ndivyo nilivyopata sifa niliyo nayo mpaka leo kwa wachache wanaonikumbuka.

Usiku ule nilimweleza mume wangu yote. Alisikiliza akiwa amekaa kitandani, soksi moja mkononi. Nilitegemea angekasirika kwa niaba yangu, na pengine nilihitaji hivyo.

"Na wewe ungefanya nini?" aliniuliza.

Nilisema sijui. Alivua soksi ya pili, akazikunja pamoja.

"Miaka miwili ya vifuniko," alisema, akalala akitazama ukuta. Hakumsema Mwalimu kwa ubaya hata mara moja tangu siku hiyo. Lakini pia hakuwahi tena kuniambia nimsalimie.

Nilikaa siku tisa bila kushuka chini. Siku ya kumi njaa ilinipeleka, au mazoea. Mwalimu alikuwa akipanga chupa. Alinisogezea kiti, akafungua bakuli lake na kulisukuma katikati ya meza kama zamani. Tulikula. Katikati ya chakula aliniuliza, bila kuinua macho, ni birika la nyumba gani hilo ambalo wanafunzi wanalisimulia mpaka huku chini. Nilimwambia ni la nyumbani kwangu. Aliitikia kwa kichwa. Aliuliza kama bado ninalo. Nilisema bado. Akasema nilitunze vizuri, kwani limesoma kuliko sisi, na wote wawili tulicheka kidogo, kicheko cha watu ambao hawana nguvu ya zaidi ya hapo.

Kazi iliyobaki ilichukua mwaka na kidogo. Madoa peke yake hayatoshi. Yanakwambia nusu tu ya unachohitaji, na nusu nyingine niliipata kwa kuloweka fuwele kwenye zebaki, ambayo iliziua nyingi kabla ya moja kukubali. Mwishoni mwa majira ya baridi ya 1998 ramani ilitokea kwenye kompyuta, mistari ya buluu kama nyavu zilizotupwa hewani, na ndani ya nyavu hizo nikaanza kuipitisha protini yenyewe, kiungo kwa kiungo. Ilikuwa imejikunja kama vipande viwili vya mkeka vilivyolazwa uso kwa uso. Kwenye ukingo mmoja, pale ambapo tulidhani protini ya seli ya pili hushika, palikuwa na nafasi ndogo, na ndani yake chembe moja ya kalsiamu.

Nilijua ipo kabla ya kuiona. Niliikuza kwenye kioo mpaka ikajaa, nikaita wenzangu waje waone, na wakaja.

Tulipokuwa tunaandika makala, kundi jingine, la ng'ambo, likachapisha umbo la protini ya ukoo ule ule. Haikuwa yetu hasa, lakini ilikuwa ndugu yake, na kalsiamu ilikuwa pale pale. Profesa aliniletea nakala mwenyewe, akaiweka mezani na kusimama. Alisema ya kwetu bado ina thamani. Ilichapishwa baadaye katika jarida dogo, na ina thamani, nadhani. Nilipiga hesabu kama mtu asiyeweza kujizuia: kama ningejua miaka miwili mapema. Kisha nilijizoeza kutopiga hesabu hiyo.

Nilitetea tasnifu yangu mwanzoni mwa mwaka 1999. Profesa alisimulia habari ya birika kwa mara nyingine, na kamati ikacheka. Katika shukrani niliandika mstari mmoja kwa wafanyakazi wa chumba cha kuoshea vyombo. Hakuna aliyeuliza.

Mwalimu alitualika Weston kula, kusherehekea. Mume wangu alisema amechoka, na ilikuwa kweli, kwa hiyo nilikwenda na binti yangu kwa basi. Mke wa Mwalimu alipika samaki na ugali, na sombe iliyotwangwa vizuri kuliko ile ya mumewe. Binti yangu alisemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza, na mabinti wa pale, ambao hawakuwa na miaka miwili Toronto, walikuwa tayari wakimjibu vivyo hivyo. Nilikuwa nimebeba nakala ya tasnifu. Mwalimu alivaa miwani na kufungua picha moja baada ya nyingine juu ya kitambaa cha meza, akamweleza mke wake kwa Kiswahili cha kwao: hii ni seli, hii ni ingine, katikati hakuna kitu, na huyu ndiye anasimama mlangoni ya mwenzake, na bila ile chokaa kidogo hawezi kusimama. Alieleza vizuri kuliko nilivyoeleza mbele ya kamati. Mke wake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama.

"Anasema ulimubeba," alisema. "Miaka yote ile, ni weye ulimubeba."

Sikujua alikuwa anajua kiasi gani. Niliomba maji ya kunywa.

Jioni Mwalimu alinisindikiza mpaka kituoni. Binti yangu alikuwa ameniegemea, analala wima. Mwalimu alisema jengo limeleta mtambo mpya usiohitaji mtu, na saa zake zimepunguzwa nusu. Kuna nafasi katika maabara ya shule moja ya sekondari, kutayarisha dawa za majaribio ya wanafunzi, nao wanataka barua ya mtu aliyemjua kazini. Akatazama barabara kama basi linaonekana.

Niliiandika wiki ile ile. Niliandika kwamba ana ujuzi, kwamba anawahi, kwamba anaijua kemia kuliko cheo chake kinavyoonyesha. Niliandika kwamba ni mwaminifu. Nililitazama neno hilo kitambo kirefu, nikalifuta, nikaweka jingine, kisha nikalirudisha na kutia saini.

Kazi aliipata.